Mosfeti ya Juu Haiwaki: Fuata Kapasita Kabla ya Kununua Aisi

Bodi nyingi zenye dreva ya butistrapu (aisi ya kuwasha mosfeti, inayotumia kapasita kupandisha volti za mosfeti ya juu) zinazofika mezani kwangu hapa Dodoma huwa zimeshapita mikono miwili mitatu. Mosfeti, yaani swichi za umeme mkubwa, ni mpya, aisi ina lehemu ya juzi, hitsinki imepakwa pesti hadi pembeni, na ugonjwa uko palepale. Mwenye mali ameshalipa mara mbili, kwa hiyo anakuangalia kama mwizi wa tatu.

Sikulaumu mafundi waliotangulia, maana hata mimi nilianza hivyo. Mosfeti ikifa huonekana, imepasuka au inasoma shoti. Kapasita ndogo iliyo kando ya aisi haipasuki wala hainuki, lakini kwa hesabu yangu ya benchi ndiyo, au njia yake ya kuchajiwa, inayostahili kushukiwa kwanza, kabla hujamgusa mwingine.

Kazi ya kapasita hiyo

Mosfeti hukaa mbili mbili, ya juu na ya chini; geti ni mguu wa amri, na sosi na dreni ni miguu ambayo mkondo unapita. Mosfeti ya chini, sosi yake iko ardhini. Ukipeleka volti 12 kwenye geti inawaka, basi. Mosfeti ya juu ni habari nyingine, kwa sababu ikiwaka sosi yake inapanda hadi volti za betri au za basi, yaani njia kuu ya umeme mkubwa kwenye bodi. Kama basi ina volti 310, geti linatakiwa liwe kwenye 322 hivi ili mosfeti ibaki imewaka. Volti hizo za ziada hazipo popote kwenye bodi.

Aliyekulia Bahi au Chamwino hahitaji mchoro hapa. Kilimani hakuna maji, kwa hiyo unajaza madumu kisimani, unampakia punda, ndipo unapanda. Mosfeti ya chini inapowaka, pini ya VS ya dreva, iliyofungwa kwenye sosi ya mosfeti ya juu, inashuka ardhini na kapasita inajazwa kupitia dayodi kutoka kwenye volti 12. Mosfeti ya juu inapotakiwa kuwaka, kapasita inapanda pamoja na VS ikiwa na volti zake mgongoni, na dreva inazitumia kufungua geti. Maji yakiisha kabla ya kazi kuisha, hakuna mtu wa kukuletea mengine huko juu. Lazima ushuke.

Karibu kila dalili nitakayoitaja huku chini inarudi kwenye maswali mawili: je, dumu lilijazwa? Na kama lilijazwa, linavuja wapi?

Kabla hujawasha

Weka taa mfululizo na umeme unaoingia. Kwa mifumo ya volti 12 hadi 24 mimi natumia balbu ya breki ya gari ya wati 21. Kwa basi ya volti 310, balbu ya kizamani ya nyuzi ya wati 60 au 100. Balbu ikiwaka sana, kuna shoti, na mosfeti zako bado ni nzima. Fundi anayewasha moja kwa moja "ili tuone" ataona, lakini mara moja tu.

Kisha jua mita inakudanganya wapi. Ukipima kutoka VB (pini ya dreva yenye upande chanya wa kapasita) kwenda ardhini wakati bodi inafanya kazi, utapata namba isiyo na maana, kwa sababu VB inaruka juu na chini maelfu ya mara kwa sekunde. Pima kati ya VB na VS. Hapo unatakiwa kuona volti zilizotulia, pungufu kidogo ya VCC, yaani volti zinazolisha dreva: ukiwa na VCC ya 12, tarajia 11 na kitu, kwa sababu dayodi inakula kiasi chake. Ukipima kati ya HO (pini inayolisha geti la juu) na VS, mita inakupa wastani. Ikisoma 6 wakati dyuti (sehemu ya muda ambayo mosfeti imewaka) ni nusu, usiseme geti linapata volti 6. Linapata 12 nusu ya muda.

Osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya volti, ni bora zaidi, ila usithubutu kubana klipu ya ardhi ya probu kwenye VS huku chombo kimechomekwa ukutani na bodi nayo imeunganishwa na umeme wa TANESCO. Hiyo klipu imefungwa kwenye ardhi ya jengo. Tumia chaneli mbili na utoe moja kwa nyingine, au probu ya tofauti, au kiosiloskopu cha betri chenye uwezo wa volti hizo, na hicho usikiguse kikiwa kazini.

Kuna ujanja wa kuweka taa ya LED na rezista ya omu 1,000 kati ya geti na sosi ili kuona kama dreva inatoa. Mimi siupendi. Taa hiyo inanyonya karibu miliampia 10 kutoka kwenye kapasita ileile unayoichunguza, kwa hiyo mgonjwa anazidiwa kwa sababu ya kipimo.

Dalili: ya juu haiwaki kabisa, ya chini inafanya kazi

Pima VB na VS. Ukipata volti 11 na HO imekaa sifuri, tatizo liko upande wa amri, na hapo makosa ni ya aina chache. Kwenye dreva ya IR2110 pini ya VDD ndiyo inayoamua ni volti ngapi zihesabiwe kuwa amri. Kama mtengenezaji aliifunga kwenye volti 12 pamoja na VCC, halafu maikrokontrola inatoa volti 5, aisi haisikii kitu. Ifunge VDD kwenye 5. Pini ya SD, ile ya kuzima aisi, nayo ina mtego wake: kwenye IR2110 inatakiwa iwe chini ili aisi ifanye kazi, kwenye IR2104 inatakiwa iwe juu. Aliyezoea moja akaunganisha nyingine kwa mazoea atakesha.

Ukipata sifuri, au volti 2 au 3 kati ya VB na VS, kapasita haichajiwi. Kagua dayodi kwanza, uwazi na shoti, ni kazi ya dakika moja. Kama dayodi ni nzima, uliza swali ambalo wengi hawaulizi: VS inashuka ardhini lini?

Hapa ndipo chaja za sola za kutengeneza mwenyewe zinapowasumbua vijana. Mchoro ni wa kushusha volti: paneli upande mmoja, koili, betri ya volti 12 upande wa pili, na dreva ni IR2110 inayopata VCC kutoka kwenye betri hiyohiyo. Asubuhi kabla chaja haijaanza, programu ikiwa bado imezima mosfeti ya chini, VS imeunganishwa na betri kupitia koili, kwa hiyo iko kwenye volti 12.8. VCC nayo ni 12.8. Kati ya VB na VS hakuna tofauti yoyote. Kapasita ni tupu, mosfeti ya juu haiwezi kuwaka, na kwa kuwa haiwaki, hakuna mkondo kwenye koili wa kuivuta VS chini. Wanabaki wanatazamana. Ikifika kwa mteja chaja haianzi, na kijana anasema paneli ndiyo mbovu.

Dawa ni kuanza na mosfeti ya chini. Lakini usiiwashe ikakaa! Mosfeti ya chini ikiwaka, betri inasukuma mkondo ardhini kupitia koili. Kwa koili ya mikrohenri 33 na betri ya 12.8, mkondo unapanda karibu ampia 0.4 kwa kila mikrosekunde. Ukiiacha mikrosekunde 50 una ampia 19. Ukiiacha milisekunde moja una moshi. Toa mapigo mafupi ya mikrosekunde 5, kumi au ishirini mfululizo yenye nafasi kati yake, kapasita itajaa, ndipo uanze kazi ya kawaida. Na wakati wa jua hafifu, programu inapozima mosfeti ya chini ili betri isirudishe umeme, iachie japo mpigo mfupi kila mzunguko. Kama hutaki kabisa kucheza na programu, weka kimoduli cha kutenga cha volti 12 kwa 12 kulisha VB na VS moja kwa moja, habari iishe.

Dalili: inawaka, halafu inajizima kabla ya muda wake

Mzee mmoja mkulima wa zabibu wa Mpunguzi aliniletea inveta amefunga kwenye khanga. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye dumu.

"Kijana, hii taa zake zinawaka kama koroboi. Feni inanguruma tu. Wa kwanza kabadilisha hizi zote nne," akaonyesha mosfeti, "wa pili kabadilisha hivi vyenye miguu."

Ilikuwa inveta ya wimbi la ngazi, basi ya volti 310, mosfeti nne za IRF840, dreva mbili za IR2110. Nikapima tokeo kwa mita inayosoma sawasawa mawimbi yasiyo laini: volti 160 badala ya 230. Mosfeti zote nzima, dreva zote nzima. Kati ya VB na VS mita ilisoma karibu volti 10, namba ambayo ukiwa na haraka unaipita.

Nikageuza bodi. Kando ya kila dreva palikuwa na duara lililochapwa, alama ya kapasita ya elektrolaiti yenye mguu wa chanya na hasi, na ndani ya duara hilo, mahali pa kapasita nene kama kidole cha mtoto, kilikuwa kimekaa kidude cha manjano mfano wa punje ya hindi, kimeandikwa 105. Yaani mikrofaradi 1. Mmoja wa mafundi aliona kapasita za zamani zimekauka akaweka alizokuwa nazo. Kwa mtu aliyezoea bodi za kilohezi 50, mikrofaradi 1 ni nyingi tu.

Fanya hesabu uone. Inveta hii ni ya hezi 50, na mosfeti ya juu inatakiwa ibaki imewaka milisekunde 5.5 katika kila nusu ya wimbi. Kati ya geti na sosi kuna rezista ya omu 10,000, inayonyonya miliampia 1 na zaidi kidogo. Dreva yenyewe inakunywa mikroampia 125 kwa kawaida, na datashiti inaruhusu hadi 230. Jumla, weka miliampia 1.2. Kapasita ya mikrofaradi 1 inapoteza volti 1.2 kila milisekunde. Inaanza na 11.3, IR2110 inajizima upande wa juu volti zikifika 8.2 hivi. Tofauti ni volti 3.1, kwa hiyo baada ya milisekunde 2.6 geti linafungwa. Nusu ya kazi haijafanyika. Ukikokotoa volti za tokeo kwa milisekunde 2.6 badala ya 5.5 unapata 158, na mita yangu ilikuwa imeshasema.

Kwenye osiloskopu inaonekana wazi zaidi: mstari wa VB na VS unateremka kama paa, halafu wimbi la tokeo linakatika ghafla.

Nikaweka mikrofaradi 22 ya volti 50, ile ya kustahimili nyuzi 105, na kidude cha manjano sikukitupa, nikakiacha sambamba nayo kwa ajili ya mikondo ya haraka. Kwa mikrofaradi 22 anguko ni volti 0.3 tu. Feni ikazunguka. Mzee akauliza bei ya kilichobadilishwa, nikamwonyesha kapasita mbili zilizobaki kwenye mfuko. Akaziangalia muda mrefu. "Basi hizi ndizo zimekula hela yangu."

Kwa anayetengeneza upya, kanuni ninayotumia ni hii: chukua chaji ya geti kwenye datashiti, ongeza mkondo wa kuvuja mara muda wa kuwaka, gawanya kwa anguko unalokubali, mimi nakubali nusu volti. IRF3205 ina chaji ya nanokulombi 146. Kwa kilohezi 20, hesabu inakupa karibu nanofaradi 300 kabla ya kuvuja, weka mikrofaradi 1 ulale. Kwa hezi 50 kuvuja ndiko kunakotawala, na chaji ya geti haina maana tena.

Halafu angalia volti zilizoandikwa kwenye kapasita ya seramiki. Zile ndogo za kubandika za volti 16, ukizipa volti 12 zinaweza kupoteza nusu ya uwezo wake au zaidi. Imeandikwa 1, inafanya kazi kama 0.4. Chukua za volti 50, aina ya X7R.

Dalili: pikipiki ya umeme au pampu inakata ukivuta akseli mwisho

Hii ni fupi. Dyuti imefika asilimia 100, mosfeti ya chini haiwaki tena, dumu halirudi kisimani. Dreva inajizima, mota inashtuka, inaanza tena. Bana dyuti isivuke 95 hadi 98 kwenye programu. Mteja hatasikia tofauti ya mwendo. Kama kazi inadai kuwaka bila kukoma, butistrapu si chaguo lako: tumia kimoduli cha kutenga, au kwa volti ndogo weka mosfeti ya P juu.

Dalili: ya juu inachemka kuliko ya chini

Geti linafunguka polepole au nusunusu. Rudi kwenye VB na VS. Volti zikiwa pungufu, mosfeti inafunguka kwa shida huku dreva haijajizima bado.

Kama volti ni nzuri, angalia nguvu ya dreva. IR2104 ina uhakika wa miliampia 130 tu za kujaza geti. Kwa IRF3205 moja hiyo ni zaidi ya mikrosekunde 1. Ukipanga mbili sambamba ni zaidi ya 2, na kwa kilohezi 50 mzunguko mzima ni mikrosekunde 20. Kila badiliko mosfeti inakaa katikati ikipika. IR2110 inatoa ampia 2, ndiyo maana inapendwa.

Na kuna mosfeti feki. Kipimo changu: peleka volti 12 kwenye geti, pitisha ampia 5, pima kati ya dreni na sosi. IRF3205 halisi ina omu 0.008, kwa hiyo utaona milivolti 40 au chini. Nimeshapata zilizosoma zaidi ya 120, na maandishi yake yamechapwa vizuri kuliko ya kiwandani.

Dalili: zinaungua zote mbili ukiwasha tu

Kama aisi imebadilishwa karibuni, soma namba yake kwa lenzi. IR2104, IR2101 na IR2184 zote zina miguu minane, na muuzaji atakwambia "ni zilezile." Si zilezile. Mguu wa 3 wa IR2104 ni SD, bodi inaufunga juu. Kwenye IR2101 mguu huohuo ni amri ya mosfeti ya chini, na aisi hiyo haina kinga ya kuzuia zote mbili zisiwake pamoja. Ukiichomeka hapo, ya chini inawaka muda wote, ya juu ikipata amri yake ni shoti ya betri nzima. IR2184 ndiyo kabisa, hata VCC iko mguu wa 5.

Sababu ya pili ni dayodi. 1N4007 inachelewa kufunga. VS inaporuka juu, dayodi bado iko wazi kinyumenyume, inamwaga chaji ya kapasita na kuipiga VCC teke. Kwa hezi 50 itavumilia, ndiyo maana unaikuta kwenye inveta zinazofanya kazi na watu wanaiamini. Kwa kilohezi 20 weka UF4007, ambayo inafunga ndani ya nanosekunde 75. Kwa mifumo ya volti 12 hadi 48, 1N4148 inatosha.

Ya tatu inasumbua bodi zenye nyaya ndefu. Mosfeti ya juu inapozima mkondo mkubwa, VS inazama chini ya ardhi kwa muda mfupi sana. Nanohenri 50, ambazo ni sentimita chache za waya, zikikatiwa ampia 30 ndani ya nanosekunde 50, zinatoa volti 30. Kapasita inachajiwa kupita kiasi, geti linavuka volti 20 zake za mwisho, au aisi inapagawa na HO inaganda juu. Fupisha waya wa sosi ya chini hadi COM (pini ya ardhi ya dreva), weka rezista ya omu 5 hivi mfululizo na dayodi, na zena, dayodi inayokata volti zinazozidi, ya volti 16 sambamba na kapasita. Mosfeti ikiwa imeshaungua, badilisha dreva nayo bila kubishana; mara nyingi geti limerudisha volti kubwa ndani yake, na dreva iliyojeruhiwa itaua mosfeti mpya.

Ile inayokuja na mvua

Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la huku linaingia popote penye feni. Bodi inafanya kazi nalo, likiwa kavu halina neno. Mvua za Desemba zikianza, vumbi linanyonya unyevu na kuwa rezista kati ya miguu ya VB, VS na majirani zao. Inveta inagoma asubuhi, saa sita mchana inapona yenyewe. Mteja anakuja nayo saa nane ikiwa nzima, anarudi nayo nyumbani, kesho asubuhi anakupigia simu. Safisha kwa brashi na spiriti upande wa miguu, kausha, paka vanishi ya bodi. Usipake juu ya uchafu. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kusafisha, pumulia pumzi ya moto juu ya aisi huku mita iko kwenye VB na VS. Ikishuka, umeshampata.